Chenga za Mama Kudra

Sostenes wa Ngokolo, Shinyanga, alianza kujiona msomi kabla hajamaliza kusoma. Mwaka wa pili wa shahada ya biashara, chuo kilipowatuma wanafunzi wakakae wiki sita na wananchi, wajifunze huku wakiwahudumia, yeye aliingia mji mdogo wa Kagongwa na majibu mfukoni. Maswali angeyatafuta hukohuko.

Alipangiwa kina mama wanaopepeta mchele kwenye mashine ya kukoboa ya Mzee Masalu. Hawakuwa na mshahara. Walipepeta kutwa nzima, na jioni kila mmoja alifunga kwenye kanga chenga zake, yaani ule mchele uliokatika, akaenda kuwapikia wanawe. Ndivyo ilivyokuwa tangu mashine isimikwe, na hakuna aliyewahi kuliandika jambo hilo popote. Mkubwa wao, Mama Kudra, alimpokea Sostenes kama wa kumzaa. Kila mchana alimpakulia wali wa chenga, tena yeye kwanza.

Sostenes akala, akashiba, akaandika. Kwenye ripoti yake chenga ziligeuka "mali inayopotea", akashauri zifungwe kwenye mifuko, wauziwe wafugaji wa kuku. Hakumuuliza hata mama mmoja. Siku ya kuwasilisha pale mashineni, mhadhiri wake alimsifu mbele za watu, naye Mzee Masalu akaomba nakala.

Wiki haikuisha, chenga zikaingia stoo, kufuli juu. Kina mama wakaambiwa anayezitaka anunue kama wengine.

Habari zikamfikia Sostenes. Alikwenda mbio kwa Mzee Masalu, akamsihi arudishe utaratibu wa zamani.

"Kijana, mimi nimefuata ushauri wa msomi," mzee alimjibu. "Kwani ulikuwa unatania?"



Kesho yake Sostenes alikuwa anaondoka, na ilikuwa imebaki fomu moja: mwananchi athibitishe kwamba mwanafunzi amewanufaisha. Bila hiyo, amefeli. Hapo ndipo ninapomlaumu mimi. Basi la Shinyanga lilikuwa linaita abiria. Angepanda tu, akafeli kwa heshima. Badala yake alikwenda kwa Mama Kudra na aibu yake yote. Alimkuta uani, sufuria ya viazi vikavu jikoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Leo ni michembe tu, utavumilia."

Sostenes hakukaa. Alimsomea ile fomu neno kwa neno, macho chini, na alipofika kwenye neno "amewanufaisha" akalisoma mara mbili. Mama Kudra alisikiliza mpaka mwisho.

"Nisipoweka dole gumba, utafeli?"

"Nitafeli, mama. Na ndiyo haki yangu."

Mama Kudra akafuta mkono kwenye kanga.

"Lete wino. Sisi tumeshakosa chenga. Na mama yako naye akose msomi, kwa faida ya nani?"

Sostenes alitamani ardhi ipasuke immeze. Lakini wino aliutoa.