Sheria ya Mvua ya Mawe

Gladwell Nyaruai alikuwa mchoraji wa mabango mjini Kitale. Jogoo waliochorwa kwenye kuta za maduka ya chakula cha kuku, ng'ombe wanene kwenye milango ya agroveti zinazouza dawa za mifugo, wengi walikuwa wa mkono wake. Alizaliwa Saboti, kwa wazazi waliotoka Nyeri kuja kulima mahindi, na mambo haya yalimfika akiwa na miaka thelathini na minne.

Wale waliomjua nje ya kazi walimjua kwa kadi. Kaka yake Gichuki alirudi kutoka chuo kikuu na sanduku la kadi za kigeni, zile ambazo kila mchezaji hujichagulia zake na kwenda nazo kupambana na mwenzake. Watu wachache kanisani wakaupenda mchezo, lakini kadi zenyewe hazikuuzwa popote hapa karibu. Nyaruai akachora zao. Akauita mchezo huo Msimu. Kila mchezaji alipanga kadi arobaini: mazao, mifugo, wadudu, hali ya hewa. Unapanda, unalinda, unaharibu shamba la mwenzako, na anayejaza ghala kwanza ndiye mshindi. Vijana waliita zile kadi arobaini deki, na kwa kuwa walikutana Bungoma kila mwezi kucheza, kwa muda mrefu mamake Nyaruai alidhani bintiye anakwenda huko kupiga deki sakafu za watu.

Kila Aprili na kila Agosti alitoa kadi mpya ishirini. Wiki hizo simu yake haikupumzika. Watu walibadilishana kadi, wakavunja deki zao na kuzijenga upya, wakabishana kama kadi ya Nyuki ilistahili nguvu iliyopewa. Kufikia mwaka wa sita walikuwa wachezaji zaidi ya sitini, kutoka Naitiri hadi Bumula.

Sheria hazikuwa zake. Zilikuwa za Mzee Wabwile, aliyekuwa karani wa mahakama kwa miaka thelathini na mmoja kabla ya kustaafu na kurudi kwake Bumula, upande wa Bungoma. Alikuja kwa Nyaruai kuagiza bango la duka la marehemu mkewe, akaziona kadi zikikauka mezani, akauliza, "Na watu wakikosana, nani anaamua?" Tangu siku hiyo Nyaruai alichora na mzee akaandika. Kila swali lililozuka mchezoni mzee alilitolea uamuzi, akauandika katika kitabu kikubwa cheusi, akatia tarehe na sahihi, kisha akampa nakala aliyeuliza. Babake Nyaruai alikuwa amekufa akiamini kwamba kuchora ni uvivu. Huyu mzee alivaa miwani kuitazama kadi ya panya kwa dakika kumi nzima, halafu akauliza panya huyo anakula mahindi mabichi au makavu. Nyaruai alimpenda kwa hilo kuliko alivyowahi kusema.

Aprili mwaka jana walikutana katika ukumbi wa kanisa moja Bungoma kuzindua kadi mpya. Wiki zile mzee alikuwa amempigia simu mara tatu kuuliza jambo lile lile, kama kadi ya Tingatinga inaweza kulima mara mbili katika zamu moja. Nyaruai alimjibu mara tatu, akafikiri ni uchovu.

Mchana, Mwalimu Kipkemei wa Kitale alikutana na Wamalwa, kijana wa Bumula. Kipkemei alifundisha hesabu katika shule ya msingi na alijenga deki yake kwa hesabu. Mara hii alikuwa ameacha kadi zake zote kubwa, hata Fahali wa Elgon ambaye watu walimwonea wivu, akazibadilisha kwa kadi za maharagwe. Mpango ulikuwa kupanda mengi kwa haraka na kuvuna kabla mwenzake hajajipanga. Mpango wote ulitegemea uamuzi mmoja wa miaka miwili nyuma: zao lililopandwa zamu hiyo hiyo bado liko chini ya udongo, kwa hiyo mvua ya mawe hailiharibu.

Kipkemei akapanda maharagwe matano. Wamalwa akaangusha Mvua ya Mawe zamu hiyo hiyo. Wakamwita mzee.

Mzee Wabwile akatazama meza, akasema maharagwe yote yamekufa.

Kipkemei akatabasamu kidogo, akidhani ni mzaha, akamkumbusha ule uamuzi. Mzee akasema hakuna uamuzi kama huo, na kitabu cheusi alikuwa amekiacha Bumula. Basi mwalimu akafungua mkoba wake na kutoa karatasi iliyokunjwa, yenye maneno yale, tarehe na sahihi. Mzee akaishika, akaisogeza karibu na macho, akaisoma kwa muda. Watu wa meza nyingine walikuwa wameanza kusogea.

"Huu si mwandiko wangu," akasema.

Kisha mtu wa nyuma akasema ati walimu wa siku hizi ni mafundi wa mihuri ya bandia, na wachache wakacheka. Kipkemei aligeuka kumtafuta Nyaruai.

"Si ulikuwepo? Mwambie."

Alikuwepo. Uamuzi ule uliandikiwa juu ya meza yake ya kazi, na kwenye pembe ya karatasi kulikuwa na alama ya rangi ya kijani iliyotoka kwenye kidole chake mwenyewe. Akamtazama mzee. Aliona macho yake yakimtazama kama ya mtu aliyesimama mahali asipopajua. Nyaruai akaelewa papo hapo zile simu tatu zilikuwa za nini. Watu thelathini walikuwa wanangoja.

"Sikumbuki vizuri," akasema.

Kipkemei akakusanya kadi zake polepole, akazifunga kwa mpira, akaondoka.

Siku zilizofuata zilikuwa mbaya. Katika kikundi chao cha WhatsApp mtu aliweka picha ya karatasi ile na kuandika kwamba ni ya kughushi. Watu wa Kitale wakasema watu wa Bungoma wanalindana. Mmoja wa Bungoma akajibu kwamba hawa waliokuja wanataka kila kitu kiwe chao, hata mchezo. Nyaruai alisoma neno hilo, waliokuja, akakumbuka mwaka wa fujo za uchaguzi, yeye akiwa bado shuleni, babake aliporundika magunia mlangoni kwa wiki mbili bila kueleza sababu. Hakuandika lolote. Kisha akasikia kwamba picha imefika shuleni kwa Kipkemei, na mwalimu mkuu amemwita kumuuliza kama ana tabia ya kughushi sahihi.

Siku ya tisa akafunga kazi, akaenda Bumula.

Sellah, binti wa mzee, alimpokea uani akiwa anachambua maharagwe ya chakula. Nyaruai aliposema tu amekuja kwa ajili ya mzee, Sellah akaweka ungo chini. Alieleza kwamba usahaulifu ulianza Desemba. Mara mbili babake alikuwa amevaa suti asubuhi na kwenda mjini mahakamani, akakaa kwenye benchi la nje akingoja kufunguliwa ofisi ambayo si yake tena. Daktari alikuwa ameandika barua ya vipimo zaidi Eldoret, na mzee amekataa kwenda. Alikuwa amemwapisha Sellah asimwambie mtu.

"Nilitaka kukupigia," Sellah akasema. "Lakini hiyo mambo ya kadi ndiyo kitu imemshikilia, dada. Nikasema nikiwaambia, mtamtoa."

Mzee alitoka nyumbani wakiwa bado wanaongea. Siku hiyo alikuwa sawa. Alimsalimia Nyaruai kwa jina, akamuuliza hali ya mamake, akamwongoza ndani. Kitabu cheusi kilikuwa mezani kimefunguliwa. Hakumngoja aanze. Aliweka kidole juu ya ukurasa, na pale palikuwa na uamuzi wa mvua ya mawe, neno kwa neno.

Alisema aliupata jioni ile ile aliporudi kutoka Bungoma. Aliusoma, akakifunga kitabu, na kila siku tangu hapo amekifungua kuona kama bado upo.

"Kwa nini hukusema, mzee?" Nyaruai akauliza.

"Na wewe kwa nini hukusema?"

Hakukuwa na ukali katika sauti yake. Alitaka kujua. Nyaruai akamwambia kwamba alimwonea huruma. Mzee akatikisa kichwa, akasema kwamba katika miaka yake yote mahakamani aliwaona watu wengi wakikana sahihi zao mbele ya hakimu, na aliwadharau kila mmoja. Hakuwahi kufikiri kwamba pengine kati yao kulikuwa na waliokuwa wanasema ukweli kama walivyouona.

Aliomba apelekwe kwa Kipkemei. Hofu yake ilikuwa kwamba angefika na kusahau alichoendea, kwa hiyo akaandika maneno yake kwenye karatasi na kumpa Sellah aishike.

Jumamosi wakaenda watatu. Kipkemei aliishi nje kidogo ya Kitale, katika nyumba ndogo yenye kabichi mbele. Aliwakaribisha ndani bila furaha, mkewe akaleta chai. Mzee hakuihitaji karatasi. Alisimama, ingawa aliambiwa aketi, akasema mwandiko ule ulikuwa wake, kwamba akili yake imeanza kumwacha, na kwamba amemwaibisha mtu mkweli mbele ya watu. Kipkemei aliinuka kabla hajamaliza. Akamshika mikono yote miwili, akamketisha, akamwambia yamekwisha.

Nyaruai akaanza kusema na yeye pia amekuja kuomba msamaha. Kipkemei akamsikiliza mpaka mwisho.

"Mzee alikuwa mgonjwa," akasema. "Wewe ulikuwa na nini?"

Jibu la huruma, ambalo Nyaruai alimpa mzee, halikutoka mdomoni hapa. Mkewe Kipkemei akachukua vikombe ambavyo bado vilikuwa na chai.

Jumatatu alikwenda shuleni, akaketi mbele ya mwalimu mkuu na kumweleza kila kitu. Kwenye kikundi aliandika kwamba karatasi ilikuwa halali, kwamba alijua, na kwamba alidanganya. Ugonjwa wa mzee hakuutaja. Ulitajwa na mzee mwenyewe siku iliyofuata, kwa sauti aliyorekodiwa na Sellah. Watu kumi na wanne walijitoa katika kikundi. Baadhi walisema ni kwa sababu ya uongo, wengine hawakusema. Aliyeandika lile neno la waliokuja alibaki, na hakuna aliyemuuliza.

Kadi za Agosti zilitoka zikiwa kumi na mbili badala ya ishirini. Mzee Wabwile alikuwa amemwomba Kipkemei achukue kazi ya sheria, na Kipkemei alikubali kwa heshima yake. Siku hizi Nyaruai humpelekea michoro na yeye humrudishia maswali, makali na mazuri, pengine mazuri kuliko ya zamani. Wanakutana katika chumba cha walimu, wanaongea juu ya kadi, wanaagana. Kipkemei hajawahi kumwita kwa chai nyumbani kwake, na Nyaruai hajawahi kuuliza.

Mzee alikwenda Eldoret mwishowe. Walimpa dawa na kumwambia Sellah ukweli kwamba hazitarudisha kilichopotea. Kila mwisho wa mwezi Nyaruai huenda Bumula na deki mbili. Mwezi uliopita walicheza barazani, na katikati ya mchezo mzee akapanda kadi juu ya kadi, jambo ambalo sheria hazikuwahi kuruhusu. Alipoona Nyaruai amesita, akamuuliza kama amekosea.

"Ndiyo, mzee," Nyaruai akamwambia. "Hiyo haikubaliki."

Mzee akairudisha kadi mkononi, akafikiri kwa muda mrefu, akachagua nyingine.