Handaki Lililobaki Wazi Bugwema

Niliondoka Musoma kwa hasira, na ninaisimulia safari hii kwa hasira. Nyamisi, mtoto wa mdogo wangu Paskazia, msichana wa darasa la pili, alikuwa amekufa maji katika uwanja wa shule. Walimu waliwatuma watoto wakate nyasi za kutengenezea mifagio. Ukingo wa handaki ukameguka, akatumbukia, na handaki lilikuwa limejaa maji ya mvua. Lilichimbwa wakati wa vita ya Uganda, ili watoto wajifiche humo ndege za adui zikija. Hakuna ndege iliyowahi kudondosha kitu Bugwema. Vita iliisha miaka kadhaa nyuma, askari wakarudi, na handaki likaachwa wazi.

Habari ilinifikia msiba ukiwa umekwisha, maana mafuta ya magari yalikuwa ya shida na aliyetumwa alikuja kwa baiskeli. Alinieleza mtoto alizikwa amefungwa katika shuka kuukuu, kwa kuwa duka la kijiji halikuwa na sanda. Mimi ni fundi cherehani. Nilikaa mbele ya cherehani yangu nikashindwa kukanyaga pedeli.

Asubuhi iliyofuata nilipata lori lililokuwa likienda Bunda kufuata pamba. Nikakaa juu ya magunia matupu pamoja na mama mmoja muuza dagaa. Tulipopita pembeni ya ziwa alinyoosha kidole majini.

"Wakati wa vita tulikuwaga hatuvui kabisa," akasema. "Karabai ikiwaka tu ziwani, mgambo wanakuja kukupiga. Watoto walilala njaa, dada. Lakini tulitii."

Tulitii, kweli. Mjini tuliziba madirisha kwa mablanketi na kupika kabla jua halijazama. Taa za magari zilipakwa rangi nyeusi. Kengele ikigongwa tulilala kifudifudi, nami nilimlalia Paskazia, akiwa bado hajaolewa, mpaka akalalamika kwamba namkosesha pumzi. Wanaume walichukuliwa, ng'ombe wakatolewa, na mtu aliyeuliza swali aliitwa msaliti. Sikatai kwamba vita ilikuwa ya kweli. Ninachokataa ni hiki: kwamba kila mtu alijua kuamuru wakati wa kuchimba, na hakuonekana hata mmoja wa kuamuru wakati wa kufukia.

Niliteremka njia panda ya Butiama, nikatembea mpaka Mwitongo. Paskazia alikuwa amepelekwa huko kwa shangazi yetu baada ya matanga, kwa sababu alikuwa hali chakula. Nilimkuta ameketi nyuma ya nyumba, akichambua mtama ambao tayari ulikuwa safi.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, mdogo wangu. Pole."

Hakulia. Alisema, "Shimo bado liko wazi. Nimeondoka nimeliacha liko wazi. Watoto wa wenzangu wanapita pale pale kwenda darasani."

"Mwenyekiti wa kijiji anasemaje?"

"Anasema ni handaki la ulinzi, ati hawezi kuligusa bila kibali. Aliyesimamia kulichimba ni Magesa, yule alikuwaga katibu kata. Siku hizi yuko Bunda."

Shangazi alitaka nilale na nipumzike siku mbili. Nilikula ugali wake, nikalala, na kulipokucha nikaaga.

Bunda nilifika mchana. Magesa alikuwa anajulikana mtaa wote wa Nyasura, kwa kuwa ndiyo miaka ile serikali iliruhusu watu kuagiza bidhaa zao kutoka nje, na waliokuwa na ofisi jana wakawa na maduka leo. Duka lake lilikuwa na sabuni, sukari, chumvi, majembe na sepetu. Juu ya rafu kulikuwa na jora zima la kitambaa cheupe. Nililitazama jora lile mpaka akaniuliza kama nataka kununua.

"Mzee, mimi ni mama mkubwa wa mtoto aliyekufa katika handaki la Bugwema. Ulilichimbisha wewe."

Alivua miwani. Hakuwa mtu mbaya wa sura, na jambo hilo lilinikera zaidi.

"Nimesikia, mama. Poleni sana. Lakini ile ilikuwa amri. Tuliambiwa kila shule iwe na handaki."

"Na vita ilipoisha?"

"Niliamriwa kuchimba. Sikuamriwa kufukia."

"Kuna mtu alikukataza?"

Alipanda kwenye kiti, akashusha lile jora na kuanza kupima kitambaa kwa mkono wake. "Chukua hiki, mama. Ni rambirambi."

Nilimwambia mtoto ameshazikwa. Nilimwambia kama ana rambirambi, afunge duka, achukue sepetu moja pale ukutani, twende Bugwema akawaambie wazazi maneno yale yale aliyoniambia mimi, amesimama pembeni ya shimo. Alisema mgongo unamsumbua. Nikatoka. Wateja waliokuwa mlangoni walinipisha kama mtu aliyebeba moto.

Bugwema nilifika asubuhi ya siku ya pili kwa lifti ya trekta. Shemeji yangu Maingu, baba wa Nyamisi, alinipeleka shuleni. Handaki lilikuwa limepindapinda nyuma ya madarasa, magugu yakiwa yameinama juu yake, maji yake rangi ya chai ya maziwa. Pembeni palikuwa na mmeguko mbichi. Watoto walikuwa wameweka matawi ya miiba kuzunguka. Watoto ndio waliofikiria hilo. Watu wazima walikuwa hawajaweka hata kamba.

Maingu alisema, "Shemeji, pale kwenye kona nilichimba mimi. Tulikuwa tunaimba. Nilikuwa sijapata mtoto bado, nikasema nikizaa, mtoto wangu atapona humu."

Nilikwenda kwake nikarudi na jembe, nikaanza kusukuma udongo. Alinitazama kidogo, kisha akaenda kuchukua lake. Mama mmoja aliyekuwa akipita na ndoo aliitua, akauliza tunafanya nini, akaita wenzake. Udongo uliochimbwa zamani ulikuwa umekwisha kuchukuliwa na mvua, kwa hiyo tulikibomoa kichuguu kikubwa kilichokuwa karibu na tukabeba mabonge yake kwa karai na beseni.

Mwenyekiti alikuja tukiwa tumefika nusu.

"Nani katoa ruhusa? Hii ni mali ya ulinzi. Vita ikirudi mtasemaje?"

Maingu hakuinua kichwa. "Vita ikirudi, mwenyekiti, tutachimba tena. Tunajua kuchimba."

"Nitawapeleka wilayani."

"Tupeleke," nikamwambia. "Ila uwaeleze na sababu."

Alisimama pale muda mrefu, akitazama wake za watu wakipita mbele yake na mabeseni kichwani. Hakuna aliyempa nafasi ya kusimama. Mwishowe akaondoka. Hakutupeleka popote. Nilisikia baadaye kwamba aliripoti wilayani kuwa kijiji, chini ya uongozi wake, kimefukia handaki kwa kujitolea.

Jua lilikuwa halijateremka sana tulipomaliza. Tulikanyagakanyaga udongo kwa miguu, watoto wakajiunga, na Maingu akakaa chini pale kwenye kona akafunika uso.

Wakati wa kurudi nilipitia Mwitongo. Paskazia alikuwa ameanza kunywa uji. Nilimwambia shimo limefukiwa, hata ukilitafuta utaona udongo mwekundu tu.

"Imechukua muda gani?" akauliza.

"Tulianza asubuhi, jioni haijafika tukamaliza."

"Siku moja?"

"Siku moja."

Alirudia neno lile mara mbili, polepole. Halafu, kwa mara ya kwanza tangu nifike, akalia, na kilio chake hakikuwa cha huzuni. Alipiga ardhi kwa ngumi mpaka shangazi akaishika mikono yake.

Nimerudi Musoma, ninashona. Hasira sikuiacha njiani. Lakini safari ile imenifundisha swali moja, na ninaliuliza ofisi yoyote nikiambiwa jambo fulani linasubiri kibali: kwani ni kazi ya siku ngapi?