Siku Niliyomzulia Kifo Babu Khalfan

Aibu hii sijapata kuisimulia yote, na hata leo nikikutana njiani na watu waliokuwapo siku ile huangalia chini, basi acheni niiseme mwenyewe kabla hamjaisikia kwa mwengine ikiwa imetiwa chumvi (ingawa sidhani kama ipo nafasi ya kutia zaidi): nilimzulia kifo mtu aliye hai, naye amekaa mbele yangu anakunywa kahawa.

Ilikuwa miaka ya mwanzo ya elfu mbili, ndiyo kwanza nimetoka chuo kikuu, nafanya kazi kwenye duka la kompyuta Mlandege, na sikubali kitu mpaka nikihoji. Nyumbani wakiniita Bwana Kwa Nini. Bibi yangu, Bi Nasra, niliyekuwa nikikaa naye Mkunazini, alikuwa na dada yake Maskati, Bi Zuwena, mgonjwa wa moyo, ambaye hasemi na kaka yao Khalfan tangu alipoiuza nyumba ya mama yao bila ya kumuuliza. Bibi alitaka kitu kimoja tu, hao wawili wasemezane kabla mmoja hajaondoka duniani. Akafikiri amrekodie dada yake kanda, amweleze picha za watu wa nyumbani moja moja, mpaka afike kwa Khalfan.

Mimi nikasema kanda ya nini bibi, zama hizi, nitakutengenezea ukurasa kwenye mtandao, afungue huko huko Maskati, sauti yako inakwenda na picha zinabadilika zenyewe, kila ukimsemea mtu anatokea.

"Nani ataiambia picha kuwa wakati wake umefika?" akauliza.

"Kompyuta."

"Na kompyuta ataiambia nani?"

Nikacheka (mimi ninayejidai kuhoji kila kitu).

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Picha zote nilizitia kwenye hifadhidata, yaani ghala la ndani ya kompyuta, zimepangwa kwa zamu. Sauti ya bibi niliirekodi kwa mkupuo mmoja, yeye anatoa picha kwenye bati la biskuti, anaisemea, anaigeuza kifudifudi, na mimi naweka alama kila anapohamia nyengine. Alama ya kwanza inaita picha ya kwanza, ya pili inaita ya pili, hivyo hivyo mpaka mwisho. Nilipokuja kuzipitia nikakuta moja imepauka yote, nyeupe tupu, haina sura wala kivuli, nikajiuliza ya nini hii kujaza nafasi, na laini ya simu yenyewe inavyokwenda kwa kujikokota? Nikaifuta. Sauti sikuigusa. Nikajaribu picha chache za mwanzo, zikaja sawasawa na maneno yake, nikafunga kompyuta nimeridhika.

Ijumaa, baada ya laasiri, bibi akaalika majirani, halua ikaletwa, na Babu Khalfan akawahi kuliko wote, kanzu imepigwa pasi mpaka inasimama. Tulikubaliana watu wa Maskati watazame kwao, wakimaliza wapige simu. Simu ya bibi ilikuwa na kipaza sauti, na ni mimi niliyekibonyeza, ili kila mtu asikie nikisifiwa.

Ikalia. Tukasikia kilio.

"Nasra, mumenificha," Bi Zuwena akasema. "Mumenificha kwa sababu ya moyo wangu huu."

(Kwetu mgonjwa wa namna hiyo haambiwi msiba, kwa hivyo hakuna aliyemshangaa, watu walitazamana tu, nani kafa.)

"Nimekuficha nini, Zuwena?"

"Khalfan. Umeniambia mwenyewe nimsamehe. Nshamsamehe, Nasra. Nyumba na kila kitu. Mungu amlaze pema."

Jirani yetu Bi Rukia akasema "Inna lillahi" kwa mazoea, huku anamtazama Babu Khalfan, kisha akajiziba mdomo kwa kanga.

Hapo nikaelewa. Ile picha nyeupe bibi aliisemea hivi: "Huyu sina haja ya kumtaja. Mwenyezi Mungu amrehemu, na kama alikukosea, msamehe." Ni mumewe, babu yangu, ambaye bibi hakupata kumwita kwa jina, hai wala maiti. Nilipomfuta yeye, picha iliyomfuata ilipanda ikashika zamu yake, nayo ilikuwa ya Khalfan. (Na maneno ya Khalfan yalimwangukia paka wetu, akatambulishwa Maskati kuwa ni ndugu yao, mzima, kiburi bado anacho, ila Bi Zuwena kwa kilio hakuyasikia.)

Babu Khalfan akaweka kikombe chini.

"Zuwena. Ni mimi. Nimekusikia."

"Hujafa?"

"Bado."

"Basi mumenichezea." Kilio kilikuwa kimekatika. "Mimi nimemsamehe maiti, Khalfan. Ngoja ufe." Akakata.

Majirani wakaaga mmoja mmoja. Mpaka magharibi Mlandege nzima ishajua, na wiki ile watu wakipita dukani kuniuliza, "Bwana Kwa Nini, mimi zamu yangu lini?"

Bibi hakunigombeza. Alitoa ile picha kwenye bati, akaipeleka dirishani, akaiinamisha kidogo, na kwenye mwanga wa ubavu nikaona ukingo wa kofia, na bega.

"Unamwona?"

"Namwona."

"Mimi simhitajii dirisha," akasema, akairudisha.

Niliurekebisha ukurasa, nikaandika Maskati kuomba radhi, sikujibiwa. Babu Khalfan akija kila Ijumaa anakaa karibu na simu. Baada ya miaka michache akafariki kweli, na bibi akapiga mwenyewe. Bi Zuwena hakulia. Aliuliza tu, "Yuko wapi yule mjukuu wako?"

Nikaushika mkono wa simu. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Safari hii umehakikisha?"

"Nimetoka makaburini, bibi."

"Basi lile neno la msamaha la siku ile lilikuwa lake," akasema. "Mwambie Nasra silirudishi."

Tangu hapo sijaweka kitu mbele za watu mpaka mwenye sauti yake akae ubavuni mwangu tukitazame hadi mwisho, na picha sifuti tena. Nikiikuta nyeupe, kwanza naipeleka dirishani.