Kitabu Kilichoshonwa Kushoto

Wiki iliyopita kijana mmoja wa redio alinijia hapa nyumbani Magoudjou, mjini Moroni, na ombi lake. Anataka nikae studioni nusu saa, nizungumzie vitabu ambavyo watu wa visiwa hivi wamejichapishia wenyewe, vya kila aina, na nichague vile ambavyo ni hasara mtu kuvikosa. Nilikubali kabla hajamaliza chai yake, kisha nikaanza kujuta, maana kuchagua ni kujitafutia lawama. Meza yangu sasa haina hata pa kuweka sahani. Kuna mashairi ya mwalimu wa Vouvouni, kuna riwaya ya muuguzi mmoja, kuna kitabu cha mapishi kilichotolewa fotokopi mara nyingi hata picha ya pweza imekuwa doa jeusi. Na kila ninachokishika, kabla sijasoma hata jina la mwandishi, nakigeuza kwanza nitazame kimeshonwa upande gani. Mume wangu ananicheka. Wewe usinicheke, ngoja nikueleze.

Nimelelewa Mutsamudu, kisiwa kingine, na bibi mzaa mama. Mama alikuwa huku Moroni na baba, aliyekuwa karani, lakini kwetu nyumba ni ya wanawake. Bibi aliipata kwa mama yake, mama angeipata kwa bibi, nami mtoto wa kike wa kwanza nilipelekwa nikae humo mapema, niijue nyumba na mahali paa linapovuja. Bibi alizaliwa Unguja na kukulia huko kabla ya kurudi kuirithi nyumba, na Kiswahili hiki ninachokusemesha ni chake. Wenzangu mtaani walikuwa na koko zao, ndivyo visiwani wanavyomwita bibi, mimi nilikuwa na bibi, na ole wangu niteleze. Alikuwa mwanamke wa maneno machache na mikono isiyotulia. Ukiamka asubuhi unakuta karafuu zimekwisha anikwa darini, nazi imekwisha kunwa, na yeye ameketi kwenye kibao anakungoja wewe mvivu.

Mlango wa pili kutoka kwetu aliishi mwalimu mstaafu. Visiwani mwalimu huitwa fundi, basi nami nitamwita hivyo. Shule ilipopata mashine mpya alipewa ile kuukuu ya kudurufu, ya kuzungusha kwa mkono, akaiweka sebuleni mahali ambapo mkewe alikuwa anataka kabati. Tangu siku hiyo mkewe akawa anaiita mke mwenza. Fundi akaanza kutafuta watu walioandika kitu. Akisikia tu kwamba fulani ana daftari chini ya godoro, haoni haya, anabisha hodi.

Wallahi hujui mji una waandishi wangapi mpaka uwatafute. Mchukuzi mmoja wa bandarini alikuwa ameandika hadithi ya upelelezi ya vitabu sita, na kufikia cha sita muuaji alikuwa bado hajulikani. Fundi alipomuuliza, alijibu kwa upole kwamba na yeye mwenyewe hajui, anafuatilia. Mzee wa kijiji cha Patsy aliyekuwa akikamua mafuta ya langilangi aliandika jinsi ya kuchuma maua, kuwasha moto na kuulinda, na katikati ya kitabu akaingiza kurasa nne za kumlalamikia shemeji yake. Mshona nguo alitoa mashairi ya mapenzi kwa msichana asiyetajwa jina, ambaye mji mzima ulimjua, na baba yake pia. Kulikuwa na kitabu cha ndoto cha mwuza samaki: ukiota ngazi, ukiota jino, ukiota umekula embe la mtu. Hicho nilikisoma mpaka nikawa naogopa kulala.

Mwenye kitabu hakulipwa wala hakulipa. Alileta karatasi, na siku ya kushona alileta chakula. Washonaji tulikuwa sisi wasichana wa mtaa. Tunatoboa kwa msharasi pembeni, upande wa kushoto, tunapitisha uzi, tunapaka mgongo gundi ya wanga wa muhogo, tunalaza jiwe juu mpaka ikauke. Kwa hiyo vitabu vile navikumbuka kwa ladha. Upelelezi ni samaki wa kukaanga na ndizi mbichi. Mapenzi ni ladu za sukari na pilipili manga, mshairi alikuwa mkarimu. Mzee wa Patsy alileta mataba, majani ya muhogo yaliyopikwa kwa nazi nzito, tukashona kurasa za shemeji kwa moyo mmoja.

Kisha yakaja mambo ya kisiwa chetu kujitenga na Moroni. Sitakuchosha na siasa, mimi nilikuwa na miaka kumi. Niliona bendera zikibadilishwa, nikaona vijana niliowajua wakiwa na bunduki bandarini, na siku risasi zilipolia tulilala chini ya kitanda bibi akiwa amenifunika kwa shiromani yake, nguo yake ya kujitanda. Baadaye mambo yalitulia kwa namna yake, lakini tukawa tumefungiwa. Meli za Moroni hazikuja, mafuta ya taa yakaadimika, karatasi ikaadimika, mwisho simu ikakatwa. Kabla haijakatwa mama alikuwa amepiga kusema ana mimba ya miezi sita.

Hapo ndipo bibi alipokosa raha. Mama alikuwa amezaa mara tatu, na mara zote tatu bibi alisafiri akamlea arubaini yake. Uzazi wa mwisho mama alipatwa na homa, akawa hajui hata jina lake, na bibi ndiye aliyemrudisha. Sasa mtoto wake angezaa ng'ambo ya maji, hana mama, hana simu ya kumwuliza mama. Kwenda hakuweza. Nyumba zilizofungwa zilikuwa zinavunjwa na kukaliwa na wenye bunduki, na mwanamke wa kwetu haachi nyumba ya mama yake ipate balaa hilo. Akaniambia, "Basi nitaandika."

Aliandika kwa herufi za Kiarabu, zinazoanzia kulia, tofauti na waandishi wengine wa Fundi, lakini kwa Kiswahili, siku baada ya siku baada ya sala ya alasiri. Maji ya kumkandia mzazi, uji wa pilipili manga, supu ya kuku, nini ale siku ya tatu, dalili gani zikionekana asingoje, akimbizwe hospitali. Fundi aliposoma alivua miwani akasema katika vitabu vyote alivyochapisha hicho ndicho chenye kazi. Akakinakili kwenye stensili kwa mkono wake, akatoa nakala ishirini kwa karatasi ya mwisho iliyobaki mjini. Wakati huohuo mwenye chombo kimoja cha mizigo alikubali kuchukua watu wachache kwenda Moroni bila wenye bunduki kujua. Jirani yetu mfanyabiashara angesafiri, na bibi aliamua nifuatane naye nikampe mama kitabu.

Fundi alilazimika kwenda Patsy kwa miguu, kuna mgonjwa. Akaniachia rundo la karatasi, akasema, "Safari hii ushone kulia." Nikasema ndiyo, Fundi. Wenzangu hawakuwapo, nilishona peke yangu dirishani, na kichwa changu kilikuwa kimekwisha fika Moroni kwa mama. Mikono ikafanya ilivyozoea. Nilishona nakala zote ishirini kushoto, nikapaka gundi, nikalaza jiwe. Ilipokauka nikafungua moja nione ilivyopendeza. Kulia kulikuwa na pambizo pana, nyeupe, iliyoachwa kwa ajili ya uzi. Kushoto, mwisho wa kila mstari ulikuwa umezama ndani ya mshono. Nikasoma: siku saba za mwanzo mzazi asipewe. Asipewe nini? Maji ya kumkandia yachanganywe na majani ya. Majani ya nini? Nilijaribu kufumua, karatasi ikachanika pamoja na gundi. Karatasi nyingine hakuna, na chombo kinaondoka kesho.

Ilinipasa kusema. Najua leo kwamba ilinipasa kusema. Sikusema. Nilivipanga vitabu juu ya kasha, nikajifanya naumwa kichwa. Kesho yake asubuhi bibi alinituma nikawaage jamaa, mmoja mmoja, hata wale wa mtaa wa juu ambao hatukuelewana nao, nikashangaa. Niliporudi adhuhuri kitabu cha mama kilikuwa kimekwisha fungwa kwa kitambaa na kushonewa pande zote. Bibi alinipaka msandali usoni kama binti mkubwa, akanitazama, akasema, "Umeshona vizuri, mjukuu wangu." Nilitazama chini, nikaona kidole chake cha shahada kina weusi. Nikadhani ni masizi.

Njia nzima nilikipakata kile kitabu, nikikibonyeza pale penye mshono. Nilikuwa nafikiria mama anakufa kwa sababu ya neno moja lililo chini ya uzi wangu.

Mama alinipokea kwa kilio na tumbo kubwa. Alifumua kitambaa palepale mlangoni, nami nikamwambia yote kabla hajafungua, kwa mkupuo, kamasi zikinitoka. Alikuwa anafungua kurasa polepole. Kisha akaniita nisogee. Ile pambizo pana ya kulia haikuwa nyeupe tena. Mbele ya kila mstari, kwa wino, kwa mwandiko wa bibi, kulikuwa na neno lililomezwa. Kurasa zote, mstari kwa mstari. Na kwenye ukurasa wa mwisho, chini, ameandika: "Usimgombeze mshonaji. Alikuwa na haraka ya kukuona, na mimi pia."

Mama alijifungua wiki tano baadaye, mtoto wa kiume, ambaye sasa ananizidi urefu na hanipigii simu. Baba alipika uji, mimi nilisoma kitabu kwa sauti, na kila mwisho wa mstari nilihamisha macho kutoka kushoto kwenda kulia kutafuta neno. Homa haikuja. Siku ya arubaini mama alitoka nje akiwa mzima.

Bibi alifariki simu zikiwa bado zimekatwa. Habari zilitufikia kwa mdomo wa mfanyabiashara, baada ya maziko. Njia ilipofunguliwa nilirudi Mutsamudu, nyumba ilikuwepo, paa linavuja palepale. Fundi alikuwa haoni vizuri, na mashine ilikuwa imeuzwa kama chuma, mkewe ana kabati lake. Yeye ndiye aliyenieleza habari za zile nakala kumi na tisa. Bibi aliwagawia wanawake wa mtaa, kisha akawaita barazani na kalamu zao, akawasomea mwisho wa kila mstari nao wakajaza wenyewe. Nimezunguka miaka nikizitafuta. Nimepata tatu, na hakuna mbili zinazolingana. Mmoja aliona tangawizi haitoshi akaongeza. Mwingine, pale penye asipewe, aliorodhesha vyakula vyote asivyovipenda yeye, na wakwe zake mwishoni.

Barazani pale sasa wanauza kadi za simu. Wanawake wale wengi wamekwisha tangulia, na wajukuu wao wakizaa wanauliza kwenye simu hizohizo. Sawa, dunia ndiyo hiyo. Kijana wa redio anataka nimpe orodha na jina la mchapishaji wa kila kitabu, na hapa ndipo nilipokwama tangu asubuhi. Juu kabisa nimeandika Kitabu cha Mzazi, nakala ya mama. Mchapishaji nimeacha wazi. Nimekaa nimekishika, nikitazama wino ule wa pambizoni, na namwona bibi akiandika mbiombio dirishani nami nikiwa mtaa wa juu naaga watu nisiowapenda. Alikuwa ameshakiona chote, mstari kwa mstari, kidole chake hakijakauka wino, aliponiambia nimeshona vizuri.