Chura wa Mapaja Mekundu na Leso za Vugo

Nyuma ya nyumba yetu ya Kisauni, miaka michache kabla ya uhuru, palikuwa na dimbwi lenye matete, na humo aliishi chura ambaye mpaka leo nikimsimulia watu hudhani natia chumvi. Akitulia ni wa kijivu mwenye madoa, hana sura ya kutazamwa mara mbili. Akiruka, mapaja na makwapa yake ni mekundu kama pilipili iliyoiva. Akitua hukunja miguu, na wekundu wote ukapotea.

Nilikuwa mtoto wa kutumwa chumvi ikarudi wali umeshaliwa, kwa hiyo nilipata nafasi ya kumtazama yangeyange akimwinda. Ndege huona chekundu kikiruka, hukikimbilia, kisha husimama akipinda shingo huku na huku, akitafuta kitu chekundu. Chura yuko pale pale karibu na kidole chake, wa kijivu, hatikisiki. Nilicheka peke yangu mpaka mbavu zikaniuma.

Mama naye alikuwa na lake: vugo, ngoma ya wanawake ya harusini, ya kugonga pembe. Mtaani kulikuwa na makundi mawili, na hayakuiva chungu kimoja. Kila kundi lilivaa leso, yaani kanga, za sare, na rangi ilikuwa siri mpaka siku yenyewe. Mwaka uliotangulia siri ya kundi la mama ilivuja. Wenzao wakatangulia kufika na leso zile zile, na mama, aliyekuwa kiongozi, akaingia akionekana yeye ndiye mwigaji. Alirudi nyumbani akalia. Sikuwa nimewahi kumwona akilia.

Safari hii alinunua doti moja tu ya mfano, nyekundu, akanituma nimpelekee shangazi aikague kabla hawajanunua nyingine.

"Jifunge leso hii ndani ya buibui," akaniambia, "na usisimame njiani."

Nilisimama. Chura aliruka mbele yangu, nami nikapandisha buibui mpaka magotini nikaingia majini. Nilipoinua kichwa, kiongozi wa kundi la pili alikuwa ukingoni na ndoo yake, macho yote kwenye leso.

"Shikamoo," nikasema, maana nilikuwa nimebaki na adabu tu.

"Marahaba, mwanangu. Leso nzuri hiyo!" Akaondoka mbio na ndoo yake tupu.

Nilirudi nyumbani miguu ikichuruzika maji ya dimbwi. Kipigo nilikiogopa, lakini zaidi niliogopa kumwona mama akilia tena.

"Mama, wameiona."

"Nani kaiona? Nawe wafanya nini majini na leso ya watu?"

Sikuwa na udhuru mwingine ila ukweli. Nikamweleza yote: chura, mapaja yake, na yangeyange aliyebaki ameduwaa akitafuta chekundu. Mama akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika ukuta.

"Wenzetu wataka nyekundu? Wallahi wataipata. Kesho pita pale pale, ujisahau tena."

Nikapita, nikajisahau kwa bidii. Mama akavuka daraja kwenda mjini na kurudi na furushi la leso za kijani.

Alasiri ya harusi tuliwakuta wenzetu wameshafika, ua mzima mwekundu, wanatungoja kwa tabasamu. Akina mama wa kwetu waliingia na mabuibui yamefungwa mpaka kidevuni. Wakapanga mstari, wakayavua kwa pamoja. Ndani kulikuwa kijani kitupu, na vigelegele vikalipuka kila upande.

"Kumbe mtoto yule mlimtuma!" kiongozi wao akapiga kelele, na mwenyewe hakuweza kuzuia kicheko.

"Siku ya kwanza hakutumwa na mtu kuwaonyesha leso," mama akajibu, sauti yake ikafika ua mzima. "Na shauri hili si langu, mimi akili hii sina. Ni ya huyu binti yangu."

Tangu nianze kutembea nilikuwa nikiitwa mzembe, na mara nyingi aliyeniita hivyo ni yeye. Akanitia pembe mkononi, akanisimamisha kando yake. Nilifurahi mno hata mdundo ukanipotea. Nikagonga ovyo, na mama akaacha mdundo wake akafuata wangu.