Siku Niliyompa Paka Sombe

Cheka ukitaka, maana watu wa Buyenzi walishanicheka kabla yako na bado ninakula na kulala. Mimi hakuna aliyenipa kitu: nilifika mjini hapa na kaptula moja, nikabeba magunia ya wengine bandarini mpaka mgongo ukaota sugu, shule niliiona dirishani tu, lakini miaka ile ya kwanza ya uhuru, mji umeacha tu kuitwa Usumbura, nilikuwa tayari na depo yangu ya ndagala, dagaa wakavu wa ziwa letu, mizani yangu mwenyewe na mlango wa chuma (wenzangu wote walifunga kwa mbao). Mtu kama huyo kuaibishwa na paka! Na si paka wa kuazima, wangu mwenyewe.

Jina lake Kapita, yaani nyapara, kwa sababu nilimweka asimamie panya. Panya aliwakamata, siwezi kumsingizia, ila kila akimaliza kazi alijilipa mwenyewe kutoka guniani, na hakuchagua gunia lolote, alichagua la ndagala nene, zile za wateja wa heshima. Iliniuma sana. Sasa siku moja akaja kununua Petero, mpishi wa madamu mmoja wa kule juu kilimani (hawa wapishi wa Wazungu, akivaa aproni nyeupe anadhani na yeye ni Mzungu), akamwona Kapita anatafuna, akacheka kwa pua.

"Baba Zaituni, we unalisha paka samaki? Paka ya madamu wangu inakula saladi. Majani! Na imenenepa kama padri."

"Unasema uongo."

"Inakula mbele yangu kila siku."

Basi nikaona njia. Kama paka aliyezaliwa juu ya kochi anakula majani, huyu wangu wa Buyenzi ni nani hata asile? Sikumwambia mtu, maana akili kama hiyo Ramazani wa depo ya jirani (anauza ndagala zenye mchanga, mwulize yeyote) angeiiba siku hiyohiyo. Saladi hatukuwa nayo, lakini jikoni ilikuwepo sombe, majani ya muhogo, na mimi nikajiambia majani ni majani. Sombe ya mke wangu si mchezo: imetwangwa, imechemka tangu asubuhi, mawese yamo, vitunguu vya kichwa vimo, vitunguu vya majani vimo. Nikaikomba sufuria yote, nikamwekea. Kapita akanusa, akanipa mgongo. Nikamfungia na bakuli lake mpaka njaa ikamfundisha adabu, akalamba yote, nikajisifu peke yangu kama mtu aliyefungua kiwanda.

Kesho yake asubuhi ndipo alipokuja masera. Huyu alikuwa mtawa wa Kizungu, mnene, Kiswahili alijifunzia Bukavu akakisema kama mwanamke wa sokoni, na ndiye aliyewanunulia chakula wasichana wa shule ya bweni. Alishatangaza kwamba atachagua depo moja tu ya kumpa ndagala mwaka mzima, na mimi kazi hiyo niliitaka mpaka usingizi ulinipaa. Nilisugua sakafu, nikavaa kofia mpya. Ramazani alisimama nje ya mlango wangu anajifanya anafagia.

Masera akaingiza mkono guniani, akanusa, akavunja ndagala moja, akatafuna. "Hizi ni nzuri, Baba Zaituni. Kavu kabisa."

Ningenyamaza hapo! Nikaanza kumsimulia habari ya kaptula, na wakati nasimulia Kapita akatokea anayumba, akapanda juu ya gunia lilelile, akainamisha kichwa, tumbo likaanza kwenda kama mvukuto wa mhunzi. Nikasema shii! Akatapika. Kitu cha kijani, chenye mafuta, juu ya ndagala zangu, na kingine kikamfikia masera kwenye kiatu.

"Njooni muone!" Ramazani akapiga kelele. "Ndagala inaua paka!"

Watu wa mtaa wetu ukiwaita wakusaidie kushusha mzigo kila mmoja anaumwa kiuno, lakini aibu yako wanaisikia kabla haijalia. Mlango ukajaa.

"Kama paka imezishindwa, sisi watu tutaziweza?" akasema muuza mkaa.

"Ndiyo maana tumbo ilikuwa inanikata!" akasema mama mmoja ambaye sijapata kumuuzia hata kichwa cha ndagala.

Nikachota kiganja kizima, nikatia mdomoni. "Mutazame! Si nakula?" Vumbi la samaki likanikaba, nikakohoa mpaka machozi.

"Na yeye imemukamata!" wakashangilia.

Ikawa nichague, ndagala zangu au jina langu. "Si ndagala!" nikalia. "Ni sombe! Nilimpa paka sombe!"

Kikalipuka kicheko, hicho sitaki kukieleza. Hakuna aliyeamini, mpaka mke wangu akatoka na sufuria tupu.

"Kumbe ni we? Na mi nimechapa watoto bure! Depo imejaa samaki, paka unamupa sombe yangu?"

Masera hakucheka. Alimpakata Kapita, akamfunua ufizi. "Ilikuwa na vitunguu?"

"Vya kila namna, masera," mke wangu akajibu.

"Jani kidogo la saladi, juu ya nyama yake, apana mubaya. Kitunguu ndiyo inaharibu damu ya paka." Akanigeukia. "Kwa nini ulimupa?"

"Aache kula ndagala."

"Hizi?" Akainua moja kwa vidole viwili, ndogo hata haionekani vizuri.

"Hizi, masera."

Akaiangalia, akaniangalia. "Ndagala yako ni nzuri, nimeamini. Lakini mutu anamunyima paka yake hii, watoto wangu atawapimia namna gani siku mi siko?"

Akapangusa kiatu, akaenda zake kwa Ramazani, kwenye mchanga.

Kapita alilegea siku nyingi, ufizi mweupe kama karatasi, lakini alipona. Nimeapa majani nyumbani kwangu yataliwa na wenye meno ya kutafunia. Sasa ndagala zake ninampa barazani, mchana kweupe, watu wote waone, za kujaza kiganja. Anakula anazotaka, nyingine anaziacha chini, na mimi siokoti.