Jibu la Salamu

Ndila ni nesi, na ana cheti cha kuhudumia majeruhi wengi kwa wakati mmoja. Cheti chenyewe kina muhuri na sahihi, na nusu yake ni uongo. Semina ilikuwa ya siku moja. Asubuhi alitia sahihi kwenye karatasi ya mahudhurio, ya asubuhi na ya alasiri kwa mpigo, kama wafanyavyo wengi wakijua hakuna atakayehesabu vichwa. Chakula kilipoletwa, akatoroka. Mdogo wake alikuwa akiletewa ntheo siku hiyo, wale mbuzi wa posa, na dada mkubwa hakosi ntheo.

Wakati huo alifanya kazi katika zahanati moja mashariki mwa Kitui, huko ambako ugomvi wa malisho na maji huishia kwenye bunduki. Miezi minne baadaye bunduki zililia. Pikapu ilileta watu watano mchana wa jua kali, na Ndila alikuwa peke yake na msaidizi mmoja. Kiema, aliyepigwa risasi ya paja, alipiga mayowe hadi mabati yakaitika. Karibu na mlango aliketi Kitonga, mkulima wa makamo, mtu wa kanisa, mkono ameushikiza ubavuni.

"Wĩ mũseo?" Ndila alimuuliza akipita. Uko mzima?

"Nĩ mũseo," akajibu Kitonga. Mimi mzima.

Sasa nitajie Mkamba aliyeulizwa hivyo akajibu vingine. Hata anayekata roho hujibu kwanza kuwa ni mzima, ndipo aeleze kinachomuua. Ndila alilijua hilo tangu utotoni. Lakini siku hiyo alilichukua jibu la salamu akalifanya jibu la ugonjwa, akaenda kwa Kiema. Aliporudi, Kitonga alikuwa bado ameketi, lakini hakuwa hai. Damu ilikuwa imemwagikia ndani.

Baadaye mwenzake alimsimulia kilichofundishwa baada ya chakula: anayepiga kelele ana pumzi, anza na aliyenyamaza. Ndila alitamani asingeambiwa.

Mazishini, Syombua, mjane wa Kitonga, alimuuliza mumewe alisema nini mwisho. "Alisema yuko sawa," Ndila akajibu, na hakuongeza neno.

Sasa ni miaka miwili. Ndila alihamia Mukuyuni. Syombua alirudi kwao Kalamba na watoto, na kila mavuno humletea Ndila mfuko wa ndengu kwa shukrani. Kila akiupokea, Ndila hujiona mwizi. Wiki iliyopita mkubwa wake kazini alipekua mafaili, akakiona kile cheti, akamwambia, "Wewe ndio utafunza wenzako." Syombua alipokuja Alhamisi, Ndila alimkalisha kwenye benchi nyuma ya kliniki akamweleza yote: sahihi, mbuzi, salamu.

"Ningemshika tu tumbo, ningejua," alisema. "Ningemrudisha kwa hiyo pikapu, apelekwe hospitali. Nisamehe, mama."

Syombua hakulia wala hakutukana. Laiti angetukana. Aliisokota ncha ya leso yake.

"Sista, hii miaka yote nimekuwa nikiambia watoto baba yao hakusikia uchungu," akasema. "Juu ni wewe uliniambia alisema yuko sawa."

"Najua."

"Kumbe alikuwa anaumia. Amekaa hapo, anaumia, na watu wanampita tu."

Ndila alikuwa ametaka kuutua mzigo wake, na sasa aliona amemtwika nani.

"Sasa hao watoto," Syombua akauliza, "nitawaambia nini?"